Turíbio Santos na Gitaa Lililoingia Chuo Kikuu

Mwaka 1914, ndani ya Ikulu ya Catete jijini Rio de Janeiro, mke wa Rais wa Brazil alishika gitaa mbele ya wageni wa serikali. Nair de Teffé alikuwa mwanamke msomi aliyelelewa Ulaya, mchoraji wa vibonzo mwenye kalamu kali, na kipande alichokichagua kiliitwa Corta-Jaca, utunzi wa Chiquinha Gonzaga uliokuwa umeshapendwa mitaani. Usiku ule ulizua zogo la nchi nzima. Seneta Rui Barbosa, mwanasheria aliyeheshimika kuliko wengi wa zama zake, alisimama Senetini kulaani muziki wa namna hiyo kupewa nafasi ikulu. Wimbo ulikuwa wa watu wa chini, na chombo kilichoupiga kilikuwa cha watu wa chini vilevile. Haikutimia miaka 70, na chombo hichohicho kikawa somo la shahada katika chuo kikuu cha serikali katika jiji lilelile. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mtu mmoja, lakini yupo mtu ambaye ukiyasimulia bila kumtaja, simulizi halikamiliki. Anaitwa Turíbio Santos. Wapenzi wa muziki humkumbuka kwa santuri zake, na ni nzuri kweli. Mimi nadai kwamba kazi yake kubwa zaidi aliifanya akiwa ameliweka gitaa kando: aliujengea muziki wa nchi yake mahali pa kukaa, ili usiendelee kutegemea kumbukumbu za wazee na bahati ya anayesikia.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Kwetu neno gitaa humletea msomaji picha ya bendi: solo, ridhimu na besi, nyaya zimechomekwa kwenye spika, watu wako ukumbini wanacheza. Gitaa ninalolizungumzia hapa ni gitaa kavu. Lina nyuzi sita. Za juu ni za nailoni, na zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama. Halina umeme wala kidude cha kukwangulia nyuzi. Mpigaji hufuga kucha za mkono wa kulia, huzipiga msasa mpaka ziwe laini, kwa sababu sauti yote hutoka pale kucha inapoachia uzi. Mtu mmoja hupiga besi, sauti za kati na wimbo kwa wakati mmoja, na kwa kawaida hupiga akisoma nota au akiwa amezihifadhi kichwani. Wabrazil huliita violão. Ukiwaambia guitarra, wao hudhani unazungumzia gitaa la umeme.

Kwa nini violão ilidharauliwa? Kwa sababu ya waliokuwa nayo. Mwishoni mwa karne ya 19, Rio ilikuwa na vikundi vya wapiga choro, muziki wa filimbi, gitaa na cavaquinho, yaani kigitaa kidogo cha nyuzi nne. Wengi wa wapigaji hao walikuwa makarani wa posta, askari wa bendi na vibarua, na wengi walikuwa watu weusi au machotara, wajukuu wa watumwa waliovushwa bahari kutoka Kongo, Angola na Msumbiji. Utumwa ulifutwa Brazil mwaka 1888 tu. Hivyo aliyekutwa usiku na gitaa kwapani alihesabiwa mzururaji, na piano ikabaki kuwa samani ya nyumba zenye heshima. Mwandishi Lima Barreto, naye mwenye asili ya Kiafrika, aliiona hali hiyo waziwazi. Riwaya yake juu ya Policarpo Quaresma, iliyotoka kama kitabu mwaka 1915, inaanza na sura inayohusu somo la gitaa, na majirani wanashangaa mtu mzima mwenye cheo kama yeye amepatwa na nini hata akajifunza chombo kile. Barreto hakuwa na haja ya kuwaeleza wasomaji wake kwa nini jambo hilo lilikuwa aibu. Walijua.

Katika mazingira hayo alikulia Heitor Villa-Lobos, aliyezaliwa Rio mwaka 1887, na baadaye akawa mtunzi mkubwa kuliko wote nchini humo. Alipiga selo hadharani, lakini gitaa alilijifunza kwa wapiga choro, usiku, mbali na macho ya mama yake aliyetaka awe daktari. Miaka ya 1920 alifika Paris, akakutana na Mhispania Andrés Segovia, mpigaji aliyekuwa akipigania gitaa likubalike katika kumbi kubwa za Ulaya. Kutokana na urafiki huo yalizaliwa Mazoezi 12 ya gitaa, kazi iliyotungwa mwishoni mwa miaka hiyo na kutunukiwa Segovia. Jina mazoezi lisikudanganye. Hayo ni mashairi kamili, kila moja na hali yake, na mengi yamebeba mtikisiko wa choro ndani ya mwili wa muziki wa Ulaya. Lakini yalichapishwa Paris mwaka 1953 tu, robo karne baadaye, na Segovia mwenyewe alirekodi machache tu kati yake. Villa-Lobos alipofariki Novemba 1959, hapakuwa na santuri hata moja duniani yenye Mazoezi yote 12.

Hapo ndipo anapoingia kijana wetu. Turíbio Santos alizaliwa tarehe 7 Machi 1943 huko São Luís, mji wa pwani ya kaskazini katika jimbo la Maranhão, na alipokuwa bado mtoto mdogo familia yake ilihamia Rio. Walimu wake walikuwa Antonio Rebello na Mruguai Oscar Cáceres. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20, Makumbusho ya Villa-Lobos yalimpa kazi ambayo hakuna aliyeitimiza kabla yake: arekodi Mazoezi yote kwa mpangilio, kuanzia la kwanza hadi la 12. Anayetaka kujua ugumu wake asikilize Zoezi la Kwanza peke yake. Mkono wa kulia unarudia mpangilio uleule wa vidole tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, haraka, bila kupumua, kila kipimo mara mbili. Katikati, mkono wa kushoto unashika umbo moja la vidole juu kabisa ya shingo ya gitaa, kisha unaliteremsha umbo hilo pingili kwa pingili mpaka chini, huku nyuzi mbili zisizobanwa zikiendelea kulia vilevile. Vidole havibadili mshiko, ila sauti inabadilika kila hatua, na zile nyuzi huru mara zinapatana na umbo lile, mara zinagongana nalo. Mtunzi anayetumia piano peke yake asingeliwaza jambo hilo. Limewazwa na mtu aliyelala na gitaa kifuani, na linamtaka mpigaji anayelijua gitaa kwa namna hiyohiyo.

Kuna wanaosema kwamba hiyo ilikuwa bahati tu. Makumbusho yale yalianzishwa mwaka 1960, na mkurugenzi wake alikuwa Arminda, aliyeitwa Mindinha, mwenzi wa Villa-Lobos hadi kifo chake. Alimchagua kijana, na kijana akapanda juu ya jina la marehemu. Sikatai kwamba mlango ulifunguliwa na mwingine. Lakini ukifunguliwa mlango lazima uwe na miguu ya kuingilia. Kumkabidhi kijana wa miaka 20 kazi ambayo dunia nzima ya wapiga gitaa ingeitumia kama kipimo ni kumwekea shoka shingoni: akikosea, kosa lake linabaki kwenye santuri milele. Baada ya hapo Mazoezi 12 yakaanza kuchukuliwa kama kitu kimoja, kama kitabu chenye sura 12, badala ya vipande vya kuchagua kimoja kimoja ili kupamba onesho. Leo ni vigumu kumpata mwanafunzi wa gitaa wa ngazi ya juu, awe Tokyo au Buenos Aires, ambaye hajakutana nayo. Aliyeyaonyesha kwa mara ya kwanza yakiwa mwili mmoja alistahili alichopata.

Mwaka 1965 alikwenda Paris akashinda shindano la kimataifa la gitaa la redio na televisheni ya Ufaransa, ORTF, lililokuwa na heshima kubwa kuliko mashindano mengine ya gitaa wakati ule. Akabaki huko. Alijifunza zaidi kwa Segovia na kwa Mwingereza Julian Bream, akarekodi na kampuni ya Erato, akazunguka kumbi za dunia. Mwandishi wa wasifu mfupi angeishia hapo: mtoto wa Maranhão ashinda Paris. Kwangu sehemu hiyo ndiyo ya kawaida kuliko zote, kwa kuwa vipaji vingi vya nchi maskini vimeshinda Paris na kubaki Paris. Tofauti ni jinsi alivyoutumia ushindi ule. Mchapishaji Max Eschig, yuleyule wa Mazoezi ya Villa-Lobos, alifungua mfululizo wa vitabu vya nota wenye jina la Turíbio Santos, naye akautumia kuwatia moyo watunzi wa nyumbani waandike kwa ajili ya gitaa. Edino Krieger aliandika Ritmata mwaka 1974, kazi ambamo mpigaji hugonga gitaa kama ngoma na kulipiga nyuzi kwa pamoja. Marlos Nobre na Almeida Prado nao wakaandika. Baadhi ya watunzi hao hawakuwa wapiga gitaa. Walizoea kutungia piano na okestra. Kumshawishi mtunzi wa aina hiyo aketi na nyuzi sita ni kazi ya subira, na matunda yake ni nota zilizochapwa ambazo mwanafunzi wa nchi yoyote anaweza kuzinunua.

Pingamizi zito zaidi liko hapa, na sitaki kulikwepa. Kwa nini Brazil ililiheshimu gitaa lake baada tu ya Ufaransa kulipigia makofi? Villa-Lobos alichapishwa Paris. Santos alitawazwa Paris. Mtu anaweza kusema kwamba historia hii yote ni ya taifa lililosubiri ruhusa ya wakubwa ili lipende mali yake. Nakiri kuna ukweli mchungu humo, nasi tunaujua ugonjwa huo bila kwenda mbali. Lakini lawama hiyo inawahusu waliokaa kwenye viti vya juu, ambao masikio yao hayakufunguka mpaka yafunguliwe kwa Kifaransa. Mpigaji hakuutunga ubaguzi ule. Aliukuta, akatafuta ufunguo uliotoshea kufuli lililokuwepo, na la kumpima ni kama alipoingia aliwaacha nje wale walioifundisha nchi yake kupiga. Katika hilo ushahidi uko upande wake.

Katika miaka ya 1970 alirudi Rio, na mwaka 1977 akatoa santuri iliyoitwa Choros do Brasil. Katika watunzi aliowaweka humo alikuwemo João Pernambuco, mtu ambaye kwa hesabu za kitaaluma hakupaswa kuwepo. Pernambuco alizaliwa mwaka 1883 kaskazini mashariki mwa Brazil, akafika Rio akifanya kazi ya uhunzi, hakujua kusoma wala kuandika, achilia mbali nota. Mikono yake ilishinda kwenye chuma cha moto mchana, na usiku ikapiga gitaa. Kipande chake Sons de Carrilhões, yaani milio ya kengele, kinapendwa mpaka leo kwa sababu kinakaa mkononi kama mpini kwenye kiganja kilichouzoea: besi inatembea chini, wimbo unacheza juu, na hakuna kidole kinacholazimishwa kwenda kisikotaka. Alifariki mwaka 1947 bila mali. Msanii aliyekuwa na mkataba wa Ulaya na taji la Paris angeweza kabisa kuendelea na watunzi wa Ulaya kama Bach na Rodrigo, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alimchukua mhunzi asiyejua kusoma, akazipiga tungo zake kwa uangalifu uleule anaoutumia kwa watunzi waliozikwa kwa heshima za kitaifa. Hukumu yangu ni kwamba santuri hiyo ina uzito sawa na ile ya 1963. Ile ya kwanza iliwaonyesha watu wa kumbi kubwa kwamba gitaa linaweza kubeba fikra nzito. Hii ikawaonyesha kwamba fikra hiyo ilikuwa mtaani tangu zamani, mikononi mwa watu waliokuwa wakiogopwa.

Kisha likaja suala la chuo. Shule ya Muziki ya Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio inatokana na konsavatori iliyofunguliwa mwaka 1848, wakati Brazil ingali na mfalme. Piano, fidla na uimbaji vilifundishwa humo kizazi baada ya kizazi. Gitaa, chombo kilichosikika katika kila mtaa wa jiji hilo, lilingoja zaidi ya karne nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Santos alianzisha kozi ya gitaa hapo, na nyingine katika chuo kikuu cha pili cha shirikisho jijini humo, UNIRIO. Mwaka 1983 aliunda okestra ya magitaa ya Rio, ambamo vijana waliozoea kupiga peke yao chumbani walilazimika kusikilizana. Haki ya São Paulo nayo isisahaulike: Mruguai Isaías Sávio alifungua kozi rasmi ya gitaa katika konsavatori ya jiji hilo mwaka 1947, na mikononi mwake walipita watu kama Luiz Bonfá na Carlos Barbosa-Lima. Kwa hiyo Santos hakuwa wa kwanza kufundisha gitaa kwa utaratibu nchini Brazil. Alichofanya ni kuliingiza katika chuo kikuu cha serikali cha jiji lilelile ambako Seneta Barbosa alikuwa amelaani muziki wake, na kulipa cheti kinachomwezesha kijana kuajiriwa kama mwalimu, kupewa udhamini na kuandika utafiti.

Wapo wanaoamini kwamba hapo ndipo gitaa la mtaani lilipoanza kufa. Darasa, wanasema, humfundisha kijana kuogopa kukosea. Mpiga choro hujifunza kwa kukaa pembeni ya mkubwa, kudandia wimbo asioujua, na kuchekwa mpaka aujue. Wasiwasi huo una msingi. Nota haziwezi kuandika ule ucheleweshaji mdogo wa besi unaolifanya choro lisimame na kuyumba, na mwanafunzi anayesoma karatasi tu hulipiga kama askari wa gwaride. Lakini tujiulize bila darasa ilikuwaje. Pernambuco hakuweza kuandika alichotunga, na sehemu ya kazi zake imetufikia kwa sababu tu wengine waliinakili. Ni wangapi kama yeye waliondoka na kila kitu? Mtaa hufundisha vizuri sana, ila hautunzi. Na chuo hakikuufunga mtaa: choro bado linapigwa Rio kwa kukaa duara, na siku hizi ni jambo la kawaida kwa aliyesoma nota kukaa katika duara hilo pamoja na asiyezisoma.

Nitaulizwa pia kama Santos ndiye mpigaji bora kuliko wote waliotoka Brazil, na jibu langu ni hapana. Ndugu wawili Sérgio na Odair Assad, wazaliwa wa jimbo la São Paulo, wamefikisha upigaji wa magitaa mawili mahali ambapo masikio hayawezi kuwatenganisha, na Astor Piazzolla wa Argentina aliwaandikia Tango Suite kwa sababu hiyo. Barbosa-Lima, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na mkono mwepesi wa kupanga nyimbo za kila aina, naye ndiye aliyemfanya Alberto Ginastera atunge sonata yake ya gitaa ya mwaka 1976. Fabio Zanon alishinda mashindano mawili makubwa ya kimataifa mwaka 1996. Kwa wepesi wa vidole peke yake, baadhi yao wamemzidi. Lakini ukubwa wa mwanamuziki tumezoea kuupima kwa kilele cha mkono wake, na kipimo hicho kinaacha mengi nje. Mwaka 1984 Mbrazil mwingine, Marcelo Kayath, alishinda shindano la Paris, lile ambalo Santos alikuwa amelishinda miaka 19 kabla. Safari hii hakuna aliyeshangaa kwamba Brazil ina wapiga gitaa.

Mindinha alifariki mwaka 1985. Mwaka uliofuata Santos alikabidhiwa Makumbusho ya Villa-Lobos, akayaongoza mpaka mwaka 2010. Yalihamia katika jumba la zamani mtaa wa Sorocaba, Botafogo, si mbali na kilima cha Santa Marta ambako nyumba za maskini zimepandana mpaka kileleni. Miaka 24 ya kusimamia hati, bajeti na paa linalovuja si kazi ya kumpa msanii makofi, na kila saa ya ofisini ilikuwa saa aliyolinyima gitaa lake. Wapenzi wake waliona hasara hiyo, nami naikubali kuwa ni hasara. Upande wa pili kuna watoto wa shule walioletwa kwa mabasi kusikia muziki wa nchi yao kwa mara ya kwanza ukipigwa mbele yao, na kuna mradi wa Villa-Lobinhos, yaani akina Villa-Lobos wadogo, uliowafundisha vijana wa familia maskini kupiga na kusoma muziki.

Msomaji anayetaka kumjua mtu huyu aanze na Zoezi la Kwanza la Villa-Lobos, kisha bila kupumzika asikilize Sons de Carrilhões, vyote viwili kwa mkono wa Turíbio Santos. Vinapatikana kwa urahisi kwenye intaneti, na vyote viwili havifiki dakika sita. Sikiliza besi.